Wati 10,000 kwenye Soketi ya Ampea 13: Historia ya Kupima Besi kwa Haki

Mwaka 1974 una nafasi yake katika historia ya besi. Mwezi wa Aprili, mhandisi Mmarekani D. B. Keele alichapisha makala iliyoonyesha namna ya kupima sauti nzito ya spika bila kuwa na jengo maalumu la maabara. Mwezi wa Mei, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilitangaza kanuni ya kuwabana wauza amplifaya waliokuwa wakijiandikia wati wanazotaka. Kanuni ikaanza kutumika Novemba, na mwezi huohuo kampuni ya Universal ikatoa sinema ya Earthquake, ambayo watazamaji waliisikia kwa kifua kama walivyoisikia kwa masikio. Hamu ya besi, njia ya kuipima na kanuni ya kumlinda mnunuzi, vyote vilikuja mwaka mmoja.

Mimi ni fundi wa redio na spika hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Zamani meza yangu ilijaa redio za kaseti. Siku hizi imejaa sabufa. Naandika habari hizi kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni moja: "Fundi, kati ya hii na ile, ipi inapiga?" Ni swali la haki, na wahandisi wamehangaika nalo kwa karibu miaka mia moja. Walichokubaliana mwishoni ni kwamba sabufa mbili hazilinganishiki mpaka zipimwe kwa masharti yaleyale: umbali uleule, mahali palepale, noti zilezile, na kikomo kilekile cha sauti kupasuka. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililokuja bure.

Tuanzie mwaka 1925. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric, walichapisha maelezo ya spika isiyohitaji pembe kubwa kama za gramafoni za wakati ule. Ilikuwa karatasi yenye umbo la koni, koili ya waya nyuma yake, na sumaku ya kuizunguka koili. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, karatasi husukumwa mbele na nyuma, nayo husukuma hewa. Sabufa unayoikuta dukani leo, hata ile yenye taa za rangi na bluetooth, ndani ina mtambo huohuo. Vilivyobadilika ni sumaku, gundi na ukubwa.

Kipimo chenyewe kilitoka kwenye simu. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell walitaka kujua sauti hupungua kiasi gani ikisafiri kwenye waya mrefu, wakatunga desibeli, jina la kumuenzi Alexander Graham Bell. Desibeli huhesabu kwa kuzidisha. Nguvu ikiongezeka mara 10, umepanda desibeli 10; ikiongezeka mara mbili, umepanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo mteja anayeacha amplifaya ya wati 50 na kulipia ya wati 100 amenunua desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimtoi mtu kwenye kiti. Na wati ni umeme unaoingia kwenye spika. Hazisemi ni sauti kiasi gani inayotoka.

Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walipima sikio lenyewe. Waliwasikilizisha watu sauti za juu na za chini, wakauliza zipi zinalingana kwa ukubwa. Matokeo yao yalieleza kwa nini besi ni ghali. Sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, iliyo katikati ya usikivu wetu, husikika ikiwa ndogo mno. Sauti ya hezi 20 lazima ivuke desibeli 70 ndipo sikio lianze kujua kwamba kuna kitu. Ila ikishaanza kusikika, hukua haraka. Kwenye hezi 1000, kutoka ukimya hadi sauti ya mazungumzo ya chini ni safari ya takriban desibeli 40; kwenye hezi 20 safari hiyohiyo ni karibu desibeli 20.

Jambo hilo lina maana kubwa dukani. Desibeli mbili tatu zikiongezwa kwenye besi, mtu huona kama ameletewa sabufa nyingine kabisa. Muuzaji akitaka uipende hii na uiache ile, hana haja ya kusema uongo hata mmoja. Anazungusha kitufe kidogo.

Baada ya sikio ikaja zamu ya boksi. Mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Massachusetts, wakatoa spika ya AR-1 ambayo boksi lake lilizibwa kabisa ili hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Boksi dogo likatoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati zima. Kloss baadaye aliunda kampuni nyingine, KLH, na herufi H hapo ni ya J. A. Hofmann, aliyeandika kanuni ambayo kila fundi seremala wa maboksi ya spika angepaswa kuibandika ukutani: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, unapata viwili, cha tatu unakilipia. Ukitaka kushuka oktava moja, tuseme kutoka hezi 40 hadi 20, bila kupunguza sauti, karatasi ya spika lazima isukume hewa mara nne ya ile ya mwanzo. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kuiondoa hesabu hiyo.

Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele alionyesha kwa hesabu jinsi boksi lenye tundu litakavyofanya kazi kabla msumeno haujagusa mbao. Makala yake ilitoka kwenye jarida la kwao na haikusomwa sana ng'ambo mpaka ilipochapishwa upya Marekani mwaka 1971. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza, na majina yao mawili yakabaki kwenye vipimo vinavyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kila spika nzuri. Tangu hapo spika mbili zinaweza kulinganishwa mezani kwa namba, hata kama moja iko Dar es Salaam na nyingine iko Sydney.

Ndipo tunarudi 1974. Kwa ajili ya Earthquake, kumbi za sinema zilifungwa spika kubwa za Cerwin-Vega zilizotoa mngurumo wa chini kabisa, mfumo ulioitwa Sensurround. Katika ukumbi wa Chinese Theatre, Hollywood, walitandaza wavu chini ya dari ili vipande vya plasta visiwaangukie watazamaji. Sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya sauti. Baadaye besi ikapewa njia yake peke yake, na mwaka 1987 mhandisi Tomlinson Holman akapendekeza sauti ya sinema iitwe 5.1: njia tano kamili, na moja ndogo ya besi inayobeba sehemu ndogo tu ya masafa yote. Ile "2.1" na "3.1" ambayo kila kijana wa Kariakoo huitamka siku nzima imetoka hapo. Namba baada ya nukta ni sabufa.

Biashara ikiwa tamu, maneno huwa matamu zaidi. Kabla ya kanuni ya FTC, matangazo ya Marekani yalihesabu wati za kufumba na kufumbua, yakajumlisha chaneli zote, yakaacha kutaja kama sauti ilikuwa safi au ilikuwa inapasuka. Kanuni ilimtaka mtengenezaji anayetangaza wati ataje nguvu inayoendelea kutoka bila kukatika, mzigo wa spika kwa omu, masafa kutoka hezi ngapi hadi ngapi, na kiwango cha juu cha sauti kupotoka. Kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa kwanza ifanye kazi saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake, kiwango ambacho huzipasha joto kali amplifaya nyingi. Masharti yamerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa marekebisho ya mwaka 2024, anayetangaza wati lazima azitaje kwa mzigo wa omu 8, masafa yote ya hezi 20 hadi 20,000, na upotofu usiozidi asilimia moja.

Nilipofungua sabufa moja mezani kwangu, nyuma yake ilikuwa na maandishi ya wati 10,000 PMPO. Soketi ya ukutani nyumbani kwako ni ya volti 230 na ampea 13. Zidisha: haifiki wati 3,000, na hapo ni kiasi cha kuchemshia birika. Fyuzi ya sabufa yenyewe ilikuwa ya ampea moja, yaani wati 230 kutoka ukutani, na sehemu ya hizo huishia kuwa joto. Nikaondoa skrubu, nikavuta ubao wa saketi. Zilikuwepo chipu tatu za amplifaya (IC) aina ya TDA2030, zile ndogo zenye miguu mitano, zimekaa kwenye kipande kimoja cha alumini. Karatasi ya maelezo ya IC hiyo ni ya kweli kabisa: ikipewa volti 28 na spika ya omu 4, inatoa wati 14 sauti ikiwa imepotoka kwa asilimia 0.5. Tatu ni wati 42.

Kwa chumba cha kupanga, wati 42 za ukweli ni muziki wa kutosha, na mtu aliyeichora saketi ile alifanya kazi nzuri kwa fedha kidogo. Aliyechafua kazi yake ni aliyeandika 10,000. PMPO haina kipimo kinachotambulika: hakuna omu, hakuna hezi, hakuna muda, hakuna kikomo cha upotofu. Ndiyo maana boksi moja huandikwa 5,000 na ndugu yake, mwenye IC zilezile, huandikwa 12,000.

Tuseme sasa wati tumeziacha, tunataka kupima sauti inayotoka. Hapo chumba kinaingilia. Sauti ya hezi 50, ambayo unaijua kwa sababu ndiyo mngurumo wa waya mbovu wa redio ukinasa umeme wa TANESCO, ina wimbi la karibu mita 7. Wimbi hilo haliingii chumbani likatulia. Linagonga ukuta na kurudi. Kwenye chumba chenye upana wa mita 3.5, sauti ya hezi 49 hujaa karibu na kuta mbili zinazotazamana na kufifia katikati. Wewe umeketi kwenye kochi katikati ya sebule unasema sabufa haina besi. Mke wako amesimama mlangoni anasema besi inamuumiza kichwa. Mnasema kweli nyote wawili. Na sabufa ikiwekwa pembeni kwenye kona, kuta na sakafu huiongezea nguvu ambayo haikutoka kiwandani. Ukiona dukani moja iko konani na nyingine iko juu ya kaunta, hujaanza kulinganisha.

Makala ya Keele ilitatua tatizo hilo kwa urahisi ambao hadi leo unanifurahisha. Alisogeza maikrofoni mpaka ikakaribia kugusa katikati ya karatasi ya spika. Kwa karibu hivyo, sauti ya spika huizidi mno ile inayorudi kutoka ukutani, kwa hiyo chumba hutoka kwenye hesabu. Fundi wa kawaida akaweza kuchora mchoro wa besi akiwa kwenye karakana yake. Njia hiyo ina kikomo: inaonyesha umbo la besi, wapi inaanza kuporomoka, lakini haitoshi kueleza sabufa nzima ina nguvu kiasi gani ikisukumwa mpaka mwisho wake. Mwaka 1982 Mark Gander wa kampuni ya JBL akaeleza njia ya uwanjani: spika iwekwe chini kwenye eneo wazi lisilo na ukuta karibu, na maikrofoni ilazwe juu ya ardhi, ili ardhi iwe upande mmoja unaojulikana na upande mwingine uwe anga.

Mambo hayo yote yalikutana mwaka 2006 kwenye kipimo cha chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani, CEA-2010, na Keele yuleyule akaandika programu ya kompyuta ya kukitekeleza. Namna kinavyofanyika inafaa kuelezwa taratibu. Sabufa inakaa uwanjani. Inapewa sauti fupi yenye mawimbi sita na nusu, inayopanda polepole na kushuka polepole. Kwenye hezi 20 inachukua theluthi ya sekunde, kwenye hezi 63 sehemu ya kumi ya sekunde. Ni mdundo mmoja wa ngoma, si mlio wa kuunguza koili. Kila mara sauti inaongezwa kidogo, na kompyuta inatazama sauti za juu ambazo sabufa imejitungia yenyewe. Sauti ya mara mbili ya noti inaruhusiwa kufika desibeli 10 chini ya noti. Ya mara tatu, desibeli 15 chini. Na kadiri zinavyopanda ndivyo ruhusa inavyopungua, kwa sababu hizo za juu ndizo zinazoumiza sikio. Moja ikivuka mpaka, kipimo kimeisha. Namba ya mwisho iliyokuwa safi ndiyo inayoandikwa. Kisha noti inayofuata: 20, 25, 31.5, 40, 50, 63.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinauliza swali la mteja wangu kwa ukamilifu: inapiga kiasi gani, kwenye noti gani, kabla haijaanza kukoroma? Sabufa mbili zinaweza kulingana kwenye hezi 63 na zikaachana mbali kwenye 25. Kama unasikiliza muziki, waya mzito kabisa wa gitaa la besi ni hezi 41, na ndivyo ulivyo ule wa besi kubwa la kusimama katika vikundi vya taarab vya Unguja. Anayetaka taarab na dansi, namba za 40 hadi 63 ndizo zake. Mwenye banda la kuonyesha sinema za mapigano ndiye wa kuuliza habari za 20 na 25.

Hata hapo, uandishi wa namba unaweza kuharibu kazi ya uwanjani. Mpimaji mmoja huandika kilele cha sauti kwa umbali wa mita 1. Mwingine huandika wastani wa RMS kwa mita 2. Umbali ukizidishwa mara mbili zinapotea desibeli 6. Kilele na RMS vinatofautiana kwa desibeli 3. Sabufa ileile, siku ileile, inatoka na namba mbili zinazopishana desibeli 9, sawa na kuzidisha nguvu mara nane. Wazee wa pwani waliokuwa wakipimiana nafaka walijua kwamba pishi ni vibaba vinne, na anayekibadilisha kibaba amebadilisha bei bila kugusa mchele. Asiyekuambia umbali na aina ya namba amefanya hivyohivyo.

Limebaki jicho. Floyd Toole, aliyeingia Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa mwaka 1965, alitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu spika zikiwa nyuma ya pazia. Alipohamia kampuni ya Harman, yeye na Sean Olive walichapisha mwaka 1994 jaribio la wasikilizaji 40 na spika za aina nne. Watu walewale walitoa alama mara mbili: bila kuona, kisha wakiona. Miongoni mwa zile nne ulikuwemo mfumo mdogo wa plastiki wa bei nafuu, spika ndogo na sabufa yake. Nyuma ya pazia ulisimama vizuri na wakubwa. Walipouona, alama zake zilishuka, na zile kubwa za bei ghali zikapanda. Baadaye Harman walijenga mtambo unaosukuma spika moja itoke na nyingine iingie mahali palepale ndani ya sekunde chache, ili hata nafasi ya chumbani isimpendelee yeyote.

Hatuhitaji mtambo huo Kariakoo. Nenda dukani na rafiki na waya wa aux. Sabufa zote mbili ziwekwe sakafuni mahali palepale, moja ikitoka nyingine iingie. Vitufe vya besi na treble viwe katikati. Sauti ya mwimbaji ilinganishwe kwanza mpaka zote ziwe sawa. Wewe geuka uangalie mlango, rafiki abadilishe bila kukuambia. Kisha weka kwenye simu programu ya bure ya kutoa milio, anza na hezi 63, teremka 50, 40, na 31.5. Sikiliza kama mlio unabaki mnene na laini, au unageuka kuwa mlio mwingine wa juu, au tundu linapuliza upepo, au mbao za boksi zinatetemeka. Pale inapoanza kulalamika ndipo uwezo wake ulipoishia, hata kama boksi limeandikwa milioni.

Nanyi mnaoagiza mizigo, andikeni kwenye boksi mambo manne tu: wati za RMS (zinazotoka bila kukatika), omu, masafa kwa hezi, na asilimia ya upotofu. Gharama yake ni wino. Na wewe mnunuzi, ukiona namba ya wati bila hayo manne, usiilipie hata shilingi. Lipia kile ulichokisikia ukiwa umeipa sabufa mgongo.